Anti, tovuti yangu inaniandikia 500

Karibuni tena uani kwangu. Safari hii printa zinazotafuna karatasi na simu zinazokataa chaji nimeziweka pembeni zisubiri mwezi ujao, maana nimepata barua nne zenye ugonjwa wa ukoo mmoja: tovuti zimegoma, wenyewe wako kwenye hostingi ya kushea (seva moja wanapanga wengi), fundi hawana, wanahangaika peke yao usiku na simu mkononi. Majina siandiki kama kawaida yetu, mitaa inatosha. Ya kwanza nimeijibu kirefu, msinichoke, hizo nyingine tatu zinaiegemea.

*Shikamoo Anti. Mie nauza kanga na vitenge hapa Tanga, Ngamiani barabara ya nane, tovuti nimeitengeneza mwenyewe kwa WordPress kwa kuangalia video tu na ilikua inaenda vizuri, wateja wa Dar na Arusha wanachagua doti wananitumia hela mie nawapakilia mzigo kwenye basi. Jumatatu asubuhi mteja kanipigia ananambia dada duka lako vipi, kuingia nakuta ukurasa mweupe una kijisanduku kimeandikwa kuna critical error kwenye tovuti hii. Wallahi sijagusa kitu Anti. Nimezima rauta nimewasha, nimebadilisha laini, nikasema labda waya wa baharini umekatika tena kama ule mwaka. Mtu wa hostingi kaniambia nipandishe kifurushi. Alafu kijana wa jirani akasema nigeuze mafaili yote yawe 777, nikageuza, ndo kwanza ikawa mbaya zaidi, sasa imekuja na maandishi mengine kabisa Internal Server Error na hata kule admin siingii. Leo siku ya tatu sijauza hata doti moja. — Muuza kanga, Ngamiani*

Marahaba mwanangu, pole sana. Nianze na rauta yako maana umeionea bure. Tovuti ikikujibu kwa namba ya mia tano na kitu, 500, 502, 503, 504, ujue hodi yako imefika, mwenye nyumba kaitikia toka ndani ila anakwambia hawezi kukufungulia. Hata kile kijisanduku cha Jumatatu kilikua kimebeba 500 hiyohiyo chini kwa chini, hakikuionyesha tu. Waya ukikatika hakuna wa kuitikia. Ule mwaka unaousema ni 2024, tarehe 12 Mei, nyaya mbili za EASSy na Seacom zilipata hitilafu huko kusini, na wote tunakumbuka ilivyokua hapa Tanzania, ukurasa unazunguka weee mpaka simu inakata tamaa, hakuna 500 wala 400. Kwaiyo siku nyingine ukiona namba, rauta iache ilale.

Sasa namba yenyewe haikwambii ugonjwa. 500 ni sawa na mgonjwa kafika kwa daktari kasema "naumwa", kanyamaza. Seva inajua kinachouma, ila haitaki kusema mbele za watu kwa sababu maelezo yake yana njia za mafaili yako (anuani za yalipokaa) na siri zako nyingine, kwaiyo inaandika pembeni kwenye daftari lake, ndo hiyo logi. Na hapa ndo ninapogombana na watu kila siku. Mtu atazima rauta, atapiga simu hostingi, atamuuliza kijana wa jirani, atafuta kashe, atafanya mambo kumi kabla ya kufungua daftari ambalo jibu limeshaandikwa toka asubuhi!

Ingia cPanel, ule ukurasa wa hostingi wa kuendeshea tovuti yako, fungua File Manager, nenda public_html, folda linalobeba tovuti. Kabla ya yote bonyeza Settings juu kulia utie tiki pale pa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, maana mafaili yote yanayoanza na nukta hayaonekani bila hivyo na tutayahitaji. Humo ndani tafuta faili linaitwa error_log. Likiwa kubwa sana usilifungue kwa simu, litakuganda, lidaunilodi. Shuka mpaka chini kabisa, mpya ziko chini, watu wengi wanasoma za juu za mwaka jana wanaanza kulia.

Nilimuomba muuza kanga anitumie mistari ya mwisho kwa WhatsApp akanitumia, na nitauweka hapa mmoja niliofupisha njia yake:

05:12:44 UTC PHP Fatal error: Uncaught Error: Call to undefined function create_function() in /public_html/wp-content/plugins/...

Tuusome pamoja. Kwanza saa. Akaniambia Anti hii sio yenyewe, saa kumi na moja alfajiri nilikua nimelala na duka liliharibika asubuhi. Mwanangu, hiyo ni UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele masaa matatu, kwaiyo 05:12 ni 08:12 kwa saa ya simu yako, ambayo kwa saa yetu ya Kiswahili ni saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, na mteja wako alikupigia saa mbili na nusu. Imeshika. Hesabu hii ya masaa matatu imeshawapoteza wengi, wanaona mstari wanauruka kwa sababu wanadhani ni wa usiku.

Pili, Fatal error. Kwenye logi utakuta Notice, Warning na Deprecated kibao, hizo ni kelele za uswahilini, zipo kila siku na maisha yanaenda. Anayeua ni Fatal, na ndugu yake Parse error. Tatu, na hapa ndo penyewe, soma ile njia ya faili upande wa kulia. Ukikuta neno plugins, yani plagini, vile vijiprogramu vya kuongezea tovuti uwezo, folda linalofuata ndo jina la mtuhumiwa. Ukikuta themes, tatizo liko kwenye themu, lile vazi la tovuti. Kwa huyu ilikua plagini ya picha zinazoteleza pale juu ya duka, alipewa bure miaka hiyo na aliyeitengeneza alishaitelekeza.

Na hapa ndo namuamini kwamba hakugusa kitu (maana kila anayeniandikia huwa hajagusa kitu, jamani, mpaka nimezoea). Hiyo create_function iliyotajwa kwenye mstari ni amri ya PHP, lugha ambayo WordPress na plagini zake zimeandikwa, na ilifutwa kabisa kwenye PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020. Tovuti yake ilikua inatembea na PHP 7.4. Watu wa hostingi wikiendi ile wakapandisha PHP kwa wateja wote, walituma imeli, imeli ikaangukia kwenye spamu. Hakugusa yeye, waligusa wao, na sio kosa sana kugusa kwa sababu 7.4 iliacha kutiwa viraka vya usalama toka Novemba 2022, ila yule wa kwenye simu aliyesema pandisha kifurushi hakufungua logi, nami nakasirika kwa niaba yako. Kupandisha kifurushi kwa 500 ya namna hii ni kama ufunguo umekatikia kitasani alafu unaambiwa hamia nyumba kubwa.

Niwe mkweli, kuna siku ushauri ule unakua na mantiki. Ukikuta mstari unasema Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted, hiyo namba ndefu isikutishe ni MB 128, maana yake memori uliyopewa imekwisha katikati ya kazi. Hapo unaweza kuongeza kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, kama kifurushi chako kinaruhusu, kisiporuhusu ndo uongee nao habari za kupanda. Lakini hata hapo ningeuliza kwanza ni plagini gani inayokula memori yote hiyo kwa duka la kanga.

Sasa ugonjwa wa pili, huu uliuleta mwenyewe na kijana wako wa jirani. Umeona sura ya ukurasa ilibadilika? Mwanzo ilikua kijisanduku, hapo aliyeongea ni WordPress mwenyewe, yani PHP inatembea mpaka inapojikwaa. Baada ya 777 akaongea Apache, yule bawabu wa mlangoni, WordPress hata haikuamshwa. Ndo maana nilipoangalia error_log yako mistari iliishia palepale ulipogeuza mafaili, toka hapo kimya. Kimya cha logi nacho ni jibu. Ukikuta hivyo toka File Manager, rudi cPanel nenda pale palipoandikwa Errors, hiyo ni logi ya bawabu, na kwako ilikua inalalamika mstari baada ya mstari kwamba faili linaandikika na kundi.

777 maana yake mwenye faili, kundi lake na ulimwengu mzima wote wanaweza kusoma, kuandika na kuendesha. Yani umetoa mlango wa duka ukaupeleka kwa jirani. Kuna seva hazijali, kuna seva zinakataa katukatu kuendesha faili la namna hiyo, na kwenye hostingi ya kushea zikikataa zina haki maana mnaishi nyumba moja ya kupanga wapangaji mia, mita moja, bomba moja uani. Rudisha mafolda yawe 755, mafaili 644, na wp-config.php peke yake 640 au 600 maana ndo lina paswedi ya databesi. Usifanye moja moja utazeeka. Tumia FileZilla, programu ya kompyuta ya kuhamisha mafaili, bonyeza kulia kwenye folda kuu, weka 755 chagua iende kwenye mafolda tu mpaka ndani kabisa, alafu rudia 644 kwa mafaili tu. Ukikosea ukaweka 644 kwenye mafolda utapata 403 kila kona, usizimie, rudia tu.

Akarudisha. Kile kijisanduku cha Jumatatu kikarudi na nikamwambia hongera, akadhani namkejeli. Kurudi kwa ugonjwa wa kwanza maana yake wa pili umepona. Kisha tukaingia wp-content, plugins, folda la ile plagini tukalibadilisha jina, mwishoni tukaongeza neno "zima". WordPress ikilikosa folda inaizima plagini yenyewe bila kukufutia kitu. Duka likafunguka bila zile picha zinazoteleza, ambazo kusema kweli hazikua na faida yoyote, mteja wa kanga anataka kuona jina la kanga na bei. Njia nyingine ilikua kuingia MultiPHP Manager, kwenye hostingi nyingine inaitwa Select PHP Version, na kurudisha 7.4 kwa siku mbili tatu. Sikumshauri. Siku mbili tatu za Watanga nazijua, mji wenyewe unaitwa waja leo waondoka leo na mtu alikuja kusalimia mwaka 1988 yupo mpaka leo.

Jingine dogo. Toka toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikipatwa na Fatal hutuma imeli kwa admin ikimtajia plagini yenye kosa na kumpa linki ya kuingilia mlango wa nyuma hata kama mbele pamefungwa. Ya muuza kanga ilitumwa kweli Jumatatu ileile! Ilienda kwenye info@ ya domeni yake mwenyewe, sanduku ambalo hakulifungua toka Ramadhani. Weka imeli unayoisoma, na isiwe inayokaa kwenye seva ileile, nyumba ikiungua barua nayo inaungua.

Na kama mafaili yako yako sawa 644, logi ya PHP kimya, na bado bawabu anasema 500? Muangalie .htaccess, faili la maagizo ya Apache. Herufi moja mbaya humo inaangusha tovuti nzima. Mara nyingi nakuta mtu kabandika mstari unaoanza na php_value kutoka kwenye maelekezo ya zamani, na seva nyingi za siku hizi PHP haiko ndani ya Apache, kwaiyo Apache akiukuta mstari ule haujui, anakataa kila kitu. Libadilishe jina liite htaccess-zamani, refreshi. Ikifunguka umempata mchawi, ingia admin kwenye Permalinks ubonyeze Save tu bila kubadili chochote, WordPress itakuandikia jipya safi.

Msidhani nawacheka, nami yalinikuta. Siku moja nikiwa kibandani kwangu cha stationari nilitumiwa kodi kwa WhatsApp, kodi ya programu sio ya nyumba, mistari mitatu tu, nikaibandika kwenye functions.php ya tovuti ya shule moja nikiwa na haraka ya kufunga niwahi magharibi. Tovuti ikafa papo hapo. Nikatafuta kosa mpaka saa sita usiku, nimebadilisha vitu nane kwa pamoja, mwisho sijui hata nilikua nimeanzia wapi. Logi ilikua imesema toka dakika ya kwanza: Parse error, na namba ya mstari. Nikaenda mstari ule nikautazama na kuutazama, kodi ni sahihi kabisa. Mpaka nikaukuza maandishi. Alama za kunukuu zilikua zimepinda. Simu ya aliyenitumia ilizigeuza zikawa za kupendeza, zile zilizojikunja kama koma, na PHP inataka zilizonyooka. Nilifuta mbili nikaandika mbili kwa mkono, ikafunguka. Masaa sita kwa alama mbili. Toka siku ile kabla sijagusa faili lolote naweka nakala yake pembeni, na nagusa kitu kimoja, narefreshi, ndo nagusa kingine.

*Habari Anti, sisi ni vijana wa kikundi cha ngoma na sarakasi Bagamoyo. Tovuti yetu ina ratiba na picha na fomu ya kubuki. Wiki nzima iko fresh ila ikifika siku za tamasha pale chuo cha sanaa TaSUBa na wageni wanaingia ndo inaandika 508 Resource Limit Is Reached, inakaa dakika kadhaa inarudi inakata tena. Hostingi wanasema tupande kifurushi (na sisi!). Hela hatuna Anti. — Sarakasi, Bagamoyo*

Vijana wangu, 508 hii ni nyingine kabisa. Kwenye vitabu vya wenyewe namba hiyo ina maana tofauti, inahusu seva kujizungusha kwenye duara, ila hostingi nyingi za kushea zinatumia CloudLinux na CloudLinux wameichukua kusema: mpangaji, umemaliza fungu lako. Ile nyumba ya wapangaji mia niliyosema juu, CloudLinux ndo aliyejenga kuta kati ya vyumba ili mmoja akipiga disko wengine wasikose umeme.

Ingieni cPanel kwenye Resource Usage muangalie mstari gani umegonga dari. Mara nyingi ni Entry Processes, yani skripti ngapi zinaanza kazi kwenu kwa wakati mmoja, na kwenye vifurushi vingi dari ni 20. Msisome kwamba ni wageni 20! Mgeni anashika nafasi kwa ule muda tu ukurasa unapikwa. Ukurasa ukipikwa nusu sekunde, nafasi 20 zinahudumia kurasa 40 kwa sekunde, Bagamoyo nzima itapita. Ukurasa ukipikwa sekunde tano, nafasi zilezile 20 zinatoa kurasa nne tu kwa sekunde, wa tano anakula 508. Kwaiyo swali ni kwa nini mnapika polepole, na kwa nini mnapika kila mara chakula kilekile. Ratiba ya Jumamosi ni ileile kwa kila mgeni, ipikeni mara moja iwekwe kwenye hotpoti. Hiyo hotpoti ni plagini ya kashe. Kama bawabu wa seva yenu ni LiteSpeed badala ya Apache tumieni LiteSpeed Cache, kama sio WP Super Cache inatosha, zote bure. Fomu ya kubuki msiitie kwenye kashe, kila mtu aione yake.

Picha zipunguzeni pia lakini mjue hiyo ni kwa huruma ya mabando ya wageni, picha hazipiti kwenye PHP kwaiyo 508 haziiondoi. Hapo wengi wanajidanganya.

Alafu angalieni nani hasa anabisha hodi. Niliwaambia wadaunilodi Raw Access, daftari la kila aliyebisha hodi, wakanitumia kipande, na hakukua na wageni humo: POST xmlrpc.php, POST xmlrpc.php, POST wp-login.php, sekunde ileile, skrini nzima. Roboti zinajaribu mapaswedi. Zinakula nafasi zenu wiki nzima, ila mnaona tu wakati wa tamasha wageni wa kweli wanapoongezeka. Kama hamtumii Jetpack wala apu ya WordPress ya simu, fungeni xmlrpc.php, mlango wa pembeni ambao programu za nje huingilia WordPress, kwenye .htaccess kwa mistari hii mitatu:

<Files xmlrpc.php>
Require all denied
</Files>

Na wekeni plagini ya kupunguza majaribio ya kuingia. Wekeni na huduma ya Cloudflare ya bure mbele ya seva yenu ipokee hodi kwanza kama mnaweza, itabeba zigo. Mkifanya hayo yote na Resource Usage bado inagonga dari kwa wageni halali, basi pandeni kifurushi, hapo sina kipingamizi, mmepata watu.

*Anti kwema? Nna gesti Pangani, tovuti alinitengenezea kijana ambaye tumekosana kwa hiyo nikaingia cPanel nikabadili paswedi ya databesi asiniharibie. Sasa inasema Error establishing a database connection. Kaniharibia au? — Mwenye gesti, Pangani*

Hajakuharibia kaka yangu, umejifungia nje. Paswedi ya databesi inakaa sehemu mbili, cPanel na ndani ya wp-config.php kwenye mstari wa DB_PASSWORD, umebadilisha moja. Fungua faili hilo uandike mpya kati ya zile alama za kunukuu zilizonyooka (umesoma kisa changu hapo juu). Ukimaliza bado inagoma angalia DB_NAME na DB_USER, kwenye cPanel majina haya yanaanza na jina la akaunti yako na kistari cha chini, watu wanakisahau. Ikigoma na hapo angalia kama diski ya akaunti imejaa, error_log lenyewe huwa linanenepa mpaka linafika magiga.

Ila ngoja. Umeogopa databesi na umeacha milango yote. Huyo kijana ana paswedi ya cPanel, kwa sababu ndiye aliyekupa. Ana akaunti ya admin ndani ya WordPress. Pengine domeni yenyewe iko kwa jina na imeli yake, na siku ya kulipia ikifika taarifa inaenda kwake sio kwako, hapo gesti itakua nzima, seva nzima, na tovuti hakuna. Anza na domeni leo. Na kama hela yake hujammalizia, mmalizie, itakua rahisi kuliko yote niliyoandika.

*Anti nilikua naapdeti plagini bando likakata, sasa tovuti inaandika Briefly unavailable for scheduled maintenance. Nimekaa naitolea macho. — Chumbageni*

Mwanangu, hiyo ni 503 ya WordPress yenyewe. Ikianza kuapdeti inaning'iniza kibao cha "tumefunga kidogo", ni faili linaitwa .maintenance pale public_html, ikimaliza inakitoa. Wewe ilikatika kabla hakijatolewa. WordPress hukipuuza kikizidi dakika kumi, kwaiyo mpaka unasoma ukurasa huu kitakua kimeshajifuta machoni. Kama bado, onyesha mafaili yaliyofichwa kama nilivyomwambia muuza kanga, ukifute, na kama una plagini ya kashe isafishe maana nayo inaweza kuwa imehifadhi kile kibao. Kisha nunua bando la kutosha urudie kuapdeti plagini ileile, maana ya mwanzo inawezekana imeingia nusu.